Jibu kuhusu kuihamisha AS/400 kwenye kivinjari: kaunta iwe ya mwisho

Ndugu mtoa mada, umeeleza kwamba mfumo wenu wa stoo na ankara bado uko kwenye AS/400, kompyuta ya biashara ya IBM, kwamba makarani wapya wanailalamikia skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, na kwamba uongozi unataka kila kitu kihamie kwenye kivinjari kabla mwaka wa fedha haujaisha. Unauliza kama muandike mfumo upya au muuvishe sura mpya. Kazi hiyo niliifanya kwa muuzaji wa jumla wa vipuri vya magari, na mara ya kwanza niliikosea.

Kosa lilikuwa kuanza na sura kabla ya kuwatazama watumiaji. Nilipokuja kukaa nyuma ya kaunta, nilimwona karani mmoja, mama wa makamo, akizungumza na mteja huku vidole vikiandika namba ya kipuri, idadi, Enter, F6, na skrini iliyofuata ilipofunguka tayari alikuwa ameshaichapia, kwa kuwa herufi zilizotangulia zilikuwa zikingoja kwenye kibodi. Ukurasa wetu wa kivinjari, pamoja na uzuri wake wote, ulimtaka ashike kipanya kwa kila mstari wa ankara, na uliwasiliana na seva kila kisanduku kilipojazwa. Terminali ya 5250, yaani ile skrini ya kijani ya AS/400, haifanyi hivyo: mtu hujaza skrini nzima, kwa kawaida mistari 24 ya herufi 80, na data husafiri mara moja tu anapobonyeza Enter au kitufe cha F. Kwenye tawi lenye mtandao hafifu, foleni ilifika mlangoni.

Kosa la pili lilikuwa la hatari zaidi. Programu yetu ya kati, iliyounganisha ukurasa na AS/400, ilijifanya terminali na kuchota maandishi ya skrini kwa kuhesabu nafasi: idadi ya vipuri vilivyomo stoo ilisomwa kwenye mstari wa 12, safu ya 61 hadi 65. Siku moja mwenzetu anayeandika kwa RPG, lugha ya programu za AS/400, alipanua nafasi ya jina la bidhaa, idadi ikasogea nafasi mbili kulia, na vipuri 1250 vikasomeka 12. Hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotokea; tuligundua pale mtunza stoo alipoletewa mzigo asiouhitaji. Uchotaji wa namna hiyo naukubali kwa kurasa za kuulizia tu, tena kwa muda.

Kilichotusaidia ni kutenganisha kazi na skrini. Katika programu nyingi za RPG za zamani, kusoma skrini, kukagua deni la mteja, kupunguza stoo na kuandika ankara vimechanganywa mahali pamoja. Tulianza na jambo moja, yaani bei ya kipuri kwa mteja fulani, tukalitoa likawa utaratibu unaojitegemea, unaoitwa na skrini ya kijani na ukurasa mpya vilevile. Hapo majaribio yakawa rahisi: oda ileile ilipitishwa milango yote miwili, kisha tukalinganisha ankara. Usipuuze pia vitufe. Makarani wenu wamezoea F3 kutoka na F12 kurudi nyuma, ilhali kwenye vivinjari vingi F3 hufungua utafutaji na F12 hufungua zana za waandaaji programu, hivyo ni lazima ukurasa uvidake kwanza.

Mashine isiwatie haraka. AS/400 ilitoka mwaka 1988, na warithi wake, ambao leo hutumia mfumo endeshi wa IBM i, bado wanatengenezwa. Haraka ya kweli iko kwa wanaoijua RPG, ambao wanastaafu, kwa hiyo kaeni nao sasa. Kwa tarehe mliyopewa, wapeni mameneja na mawakala wa mauzo kurasa za kuulizia bei na stoo, na kaunta muiache mwisho. Sisi tulipofika huko, yule mama alipewa haki ya kuukataa ukurasa wowote uliomlazimisha kugusa kipanya. Alikataa miwili, na yote miwili tuliijenga upya.