Ukitaka kuingia THW Ujerumani, anza na daftari

Vijana wa kwetu wanaoishi Ujerumani huniuliza wafanyeje nao wavae zile nguo za bluu za Technisches Hilfswerk. THW ni idara ya serikali ya shirikisho ya uokoaji na msaada wa kiufundi wakati wa maafa, iliyoanzishwa mwaka 1950, lakini karibu watu wake wote ni wa kujitolea: mafundi umeme, walimu, madereva, wanafunzi. Wapo zaidi ya 80,000, katika matawi 668 nchi nzima.

Nenda tawi la karibu jioni ya mazoezi, uombe kutazama. Huhitaji uraia wa Ujerumani. Watakachotaka kujua ni kama wiki ijayo utarudi.

Ila kabla hujaenda, jifunze majina ya vifaa. Mimi niliamini Kijerumani changu kimekomaa. Jioni ya kwanza mwenzangu akaniomba Schäkel, ile pingu ya chuma ya kuungia minyororo, nikampa kulabu. Mzigo ukiwa unaning'inia, kosa kama hilo linavunja mkono wa mtu. Nikanunua daftari, nikachora kila kifaa na jina lake pembeni. Kumbe fundo liitwalo Mastwurf mikono yangu ilikuwa inalijua siku nyingi. Ndilo tulilofungia ngalawa Tanga. Nilikaribia kulia kwa furaha. Basi daftari hilo ndilo lililonivusha mtihani wa mafunzo ya msingi.

Mwajiri wako mwambie mapema. Kisheria anapaswa kukuruhusu ukiitwa, na mshahara wa siku hizo hurudishiwa, lakini si vizuri asikie habari hizo kwa mara ya kwanza saa nane za usiku.

Julai 2021 mto Ahr, magharibi mwa Ujerumani, ulifurika na kuua watu zaidi ya 130 katika bonde lake. Nilipelekwa kwenye pampu. Usikimbilie maafa bila kuitwa, tafadhali: barabara nyembamba za kule zilizibwa na magari ya watu wenye nia njema, malori ya msaada yakakwama nyuma yao.

Na ukirudi nyumbani, zungumza. Mimi nilinyamaza wiki tatu, harufu ya matope na mafuta ya kupashia nyumba joto haitoki puani. THW ina timu za kuwasikiliza waliotoka kazini, nazo ni za watu wa kujitolea. Mke wangu ndiye aliyenishikia simu. Wewe wapigie wiki ya kwanza.