Dakika 40 nyuma ya jiwe moja

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ni kitu gani umewahi kukitazama kwa muda mrefu kuliko vyote bila kuondoa macho, na je, ungekitazama tena? Mimi nilitazama maji. Kipande cha maji chenye ukubwa wa meza, nyuma ya jiwe moja, kwenye kijito chenye samaki aina ya trauti, mchana mmoja wa majira ya kuchipua. Nilikaa hapo dakika 40.

Nilikuwa nimekwenda kuvua. Uvuvi wenyewe ni ule wa nzi bandia: ndoana ndogo inayofungwa nyuzi na manyoya ya ndege mpaka ifanane na mdudu. Chambo hicho ni chepesi mno, hakirushiki. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene na mzito, unaokunjuka hewani nyuma yako, kisha mbele, na nzi hufuata mwishoni kwenye uzi mwembamba. Ufundi huu ni wa kale. Yapata miaka 1,800 iliyopita mwandishi mmoja wa Dola ya Rumi alieleza jinsi wavuvi wa Macedonia walivyozungushia ndoana sufu nyekundu, wakaongeza manyoya mawili ya jogoo, wakawapata samaki wenye madoa. Ninapofunga nzi wangu usiku, sufu na manyoya vikiwa mbele yangu, huwa nawafikiria watu wale. Vidole vyao vilifanya kazi hii hii.

Tulifika saa mbili asubuhi, mimi na mjomba wangu aliyenifundisha. Tulipoingia majini tulizikwepa sehemu zenye changarawe safi. Trauti wa kahawia hutaga majira ya vuli, na kuchipua kunapoanza vifaranga huwa bado wamejificha kati ya kokoto. Mguu mmoja uliokanyaga vibaya unaweza kuua wengi. Kipimajoto kilisoma nyuzi 7. Mwili wa trauti hufuata joto la maji, na kwenye baridi kama ile tumbo lake humeng'enya polepole, kwa hiyo hana haraka ya kula. Hulala chini, mahali ambapo mkondo haumsumbui. Saa zangu tatu za kwanza zilipita bila kuguswa.

Karibu na saa sita jua lilikuwa limeyafikia maji na kipimajoto kikapanda hadi nyuzi 10. Ndipo walipoanza kutokea. Mmoja, kisha watano, kisha sikuweza kuwahesabu: wadudu wadogo wa rangi ya majivu, mabawa yamesimama wima kama tanga la dau, wakielea juu ya maji huku mkondo ukiwachukua. Ni efemera, na jina lao la Kigiriki lina maana ya kitu cha siku moja. Jina hilo linawapunja. Mdudu huyu huishi chini ya mawe akiwa tunutu, mara nyingi kwa mwaka mzima, akila ukoga wa mawe na kujificha kwenye mkondo. Siku yake ikifika hupanda juu, hupasua ngozi yake pale pale kwenye uso wa maji, na kutoka na mabawa. Kisha huruka hadi majanini, na huko hujivua ngozi mara nyingine tena, mabawa yakiwa tayari yapo. Hakuna mdudu mwingine aliye hai anayefanya hivyo. Akishakuwa na mabawa hali kitu, kwa maana kinywa chake hakifai tena kwa kula. Hupandana, hutaga, hufa. Kile tunachokiita maisha yake ni saa zake za mwisho tu.

Nyuma ya lile jiwe maji yalichora duara. Baada ya muda mfupi, jingine, mahali pale pale.

Nilikuwa na nzi wa rangi ile ile na ukubwa ule ule. Nikasogea kutoka upande wa chini, kwa kuwa trauti huelekeza kichwa kule maji yanakotoka, nikarusha. Nzi akapita juu ya samaki. Hakuna kitu. Nikarusha tena, na tena, na kila mara duara lilitokea hatua moja mbele ya nzi wangu na wangu akapita salama. Mara ya nane au ya tisa nilikuwa nimeshaanza kubadilisha nzi ovyo, mikono inatetemeka.

"Mwanangu, kaa chini," mjomba akasema kutoka ukingoni.

"Mjomba, wadudu watakwisha."

"Watakwisha na wewe umesimama. Kaa. Niambie anakula nini."

"Si hao wanaoelea?"

"Sijakuuliza kinachoelea. Nimekuuliza anachokula."

Nikakaa. Hapo ndipo dakika 40 zilipoanza.

Kwanza nilitafuta mahali samaki alipolala. Nilidhani yuko nyuma kabisa ya jiwe. Kumbe alikuwa pembeni, kwenye mpaka ambapo maji ya kasi yanapakana na maji ya polepole. Hapo hatumii nguvu nyingi kujishikilia, na mkondo wa kasi unamletea chakula karibu na mdomo. Alikuwa kama sentimita 30 chini. Na hapa naomba nieleze jambo ambalo lilinibadilishia uvuvi wote. Mwanga ukiingia majini hupinda, kwa hiyo samaki huiona dunia ya juu kupitia duara moja tu lililo juu ya kichwa chake, na upana wa duara hilo ni zaidi kidogo ya mara mbili ya kina alicholala. Kwa samaki wangu lilikuwa sentimita 68 hivi. Nje ya duara hilo uso wa maji kwake ni kioo kinachomwonyesha kokoto za chini. Mdudu anayekuja akisimama juu ya maji huonekana kwanza kama vijinuru pale miguu yake inapobonyeza kile kioo. Mabawa hujitokeza baadaye, ukingoni mwa duara. Nzi wangu akipita nusu mita pembeni, kwa samaki yule hakuwa na mabawa kabisa. Nusu ya mirusho yangu ilikuwa ya bure kwa sababu hiyo peke yake.

Lakini si yote. Mingine ilipita katikati na bado aliikataa.

Nikaanza kutazama duara lenyewe. Samaki anayemla mdudu juu ya maji hutoa pua, humeza hewa kidogo pamoja na mdudu, na hewa hiyo ikitoka huacha kiputo katikati ya mawimbi. Nilisubiri kiputo. Duara la kwanza, hakipo. La pili, hakipo. Nikajilazimisha kuhesabu hadi kumi na tano, na katika yote hayo niliona kiputo kimoja. Pua sikuiona. Nilichoona kilikuwa mgongo, kisha pezi, kisha ncha ya mkia, polepole, kama mtu anayejigeuza usingizini.

Nikamfuata kwa macho mdudu mmoja mwenye mabawa, kutoka juu ya jiwe hadi mdomoni mwa samaki. Akapita. Wa pili akapita. Wa tatu akaruka zake. Na katikati yao, pale ambapo sikuona mdudu yeyote, mgongo ukainuka.

"Hawali hawa," nikasema.

"Enhe."

"Anawala wanaotoka. Bado wamo ndani ya ngozi."

Mjomba hakujibu. Alikuwa amelijua hilo tangu duara la kwanza, nina hakika.

Nimelifikiria mara nyingi tangu siku ile, na bado linanishangaza jinsi samaki alivyokuwa na akili ya kazi yake. Mdudu mwenye mabawa anaweza kuruka wakati wowote. Yule anayejivua ngozi, nusu nje nusu ndani, amenaswa kwenye uso wa maji, hawezi kwenda juu wala chini. Kwa nini amfukuze anayeweza kutoroka? Alikuwa amechagua, kati ya mamia, hatua moja ya maisha ya mdudu mmoja.

Sikuwa na nzi wa namna hiyo kwenye kijisanduku changu. Nikachukua mmoja wa wale wale wa majivu, nikakata kwa mkasi manyoya yote ya chini yaliyomfanya asimame, kisha nikampunguza mabawa mpaka yakabaki kama kifundo. Nikamlowesha kwa mate. Sasa angelala ndani ya ngozi ya maji, tumbo likining'inia chini. Ule mwiba mdogo wa nyuma wa ndoana nilikuwa nimeshaubana kwa koleo nyumbani.

Bado kulikuwa na tatizo la mkondo. Kati yangu na samaki maji yalikwenda kwa kasi tatu tofauti, na mshipi ukilalia maji ya kasi humvuta nzi pembeni. Akiteleza hata upana wa kidole, samaki hujua, maana hakuna mdudu anayeukata mkondo namna ile. Nikasogea hatua mbili kwa magoti ili mshipi mwingi ubaki hewani, nikarusha ukiwa umelegea, kama mita moja kabla ya jiwe, upande maji yanakotoka.

Mgongo uliinuka. Nikainua ufito wa kuvulia taratibu, na uzito ukawa hai.

Mapambano hayakuwa marefu. Sipendi kumchosha samaki nitakayemwachilia. Nililoweka mikono kwanza, kwa kuwa mkono mkavu hubandua ute unaoikinga ngozi yake, na sikumtoa majini. Ubavu wa rangi ya asali, madoa meusi, na machache mekundu, kila moja limezungukwa na pete iliyofifia. Pembeni mwa mdomo wake nilikuta ngozi tupu ya mdudu. Nikamshika akielekea kule maji yanakotoka, ili yapite kwenye matamvua yake, mpaka alipojisukuma mwenyewe kutoka mikononi mwangu.

Saa nane na nusu wadudu walikuwa wamekwisha.

Mmeuliza kama ningekitazama tena. Nilirudi majira yale yale ya mwaka uliofuata. Mafuriko yalikuwa yamelisukuma lile jiwe hadi ukingoni, na pale alipokuwa samaki pamebaki maji mafupi yanayokimbia juu ya kokoto. Nilipanda kama hatua 60 nikapata mahali ambapo maji ya kasi yanapakana na yaliyotulia, chini ya tawi lililoinama, na duara likatokea. Nikauweka ufito kwenye majani, nikakaa. Nilihesabu viputo kumi na kimoja.