Taa ya ABS na pedali inayotetemeka kwenye pikapu ya zamani

Mkuu, kama taa ya ABS (mfumo unaozuia matairi kujifunga ukikanyaga breki) inawaka na pedali ya breki inatetemeka gari likikaribia kusimama, usikimbilie kununua pampu ya ABS. Mara nyingi hiyo ni sensa ya gurudumu, kile kifaa kinachopima spidi yake: spidi ikishuka ishara yake inafifia, kompyuta inadhani tairi limejifunga. Huku kwetu Mikindani chumvi ya bahari inakula vyuma sana. Kutu hujaa chini ya sensa na kuisogeza mbali na pete yake ya meno, ile inayozunguka na gurudumu na kusomwa na sensa. Ifungue, safisha, kagua pete kama ina ufa, fuata waya mpaka kwenye soketi. Kisha fundi asome kwa mashine spidi ya kila gurudumu ukiendesha polepole. Linaloshuka sifuri kabla ya mengine ndilo la kushughulikia. Taa nyekundu ya breki ikiwaka pia, tafadhali usiliendeshe, angalia mafuta ya breki kwanza.