Umeingia bodi na bado unalipwa kuwasemea wenye matatu? Nilipitia hapo

Ndugu, umeuliza kama kiti chako kipya kwenye bodi ya manispaa kinakulazimu kuacha kazi ya kuwasemea wenye matatu kwa MCA (mwakilishi wa wadi) na maafisa wa kaunti. Nilikalia kiti kama hicho huku Magharibi mwa Kenya, mji siutaji, nikiwa katibu wa chama cha wafanyabiashara wa soko. Chama kilinilipa posho kidogo kila mwezi.

Kuwa na upande si kosa. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 yenyewe inatenga viti vya wawakilishi wa sekta binafsi, watu wa jua kali na vyama vya wakazi. Shida huja siku jambo la watu wako linapofika mezani.

Kwangu lilikuwa la vibanda vipya. Nilimnong'onezea mwenyekiti tukinywa chai kwamba hapo nina maslahi, akasema sawa, na mjadala ulipoanza nikatoka nje. Nikajiona msafi. Kumbe karani hakuandika lolote, na kumbukumbu zinaonyesha nilihudhuria mwanzo hadi mwisho. Mlalamishi alipozipata, ilisomeka kana kwamba nimejigawia vibanda. Tena hakukosea sana. Makabrasha ya kikao nilikuwa nayo wiki nzima, na kodi iliyopendekezwa chama kilishaijua, kutoka kwangu. Mwili ulitoka, masikio yalibaki ndani.

Kwa hivyo tangaza kwa maandishi, lisomwe kikaoni, na iandikwe saa uliyotoka na saa uliyorudi. Makabrasha ya jambo la matatu mwambie karani asikutumie kabisa. Na wenzako wa bodi wakikupigia simu jioni kukuuliza maoni (watapiga!), badilisha mada. Sheria ya Mgongano wa Maslahi iliyotiwa saini Julai 2025, ikachukua nafasi ya ile ya maadili ya 2003, inasimamiwa na EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi. Hao "nilimwambia mwenyekiti" haiwatoshi.

Malipo ya wenye matatu, achana nayo. Kuwakilisha watu sawa, lakini kulipwa uwasemee huku unapokea marupurupu ya kikao, hapana. Najua kuna watakaonipinga hapa, wakisema marupurupu yenyewe hayafiki hata nauli. Ni kweli hayafiki. Mimi niliacha ukatibu mwezi uliofuata, chama kikanuna, na kuna wawili hadi leo nikipita sokoni wanageukia nyanya zao.