Wadogo zangu, kabla ya kutangaza tarehe ya gemu yenu, someni safari ya David Braben

Nimemaliza kupitia kazi mlizoleta kwa ukaguzi na nimekuta yale yale ya mwaka jana. Gemu ina miji, mvua, wanyama, biashara na vita; ukibonyeza "Anza" inaganda. Na bango la tarehe ya kutoka limeshazunguka kwenye makundi yote ya WhatsApp. Nawapenda, ndiyo maana nakasirika.

Nikiwauliza mnamuiga nani, wengi mnanitajia Elite Dangerous, gemu ya kusafiri angani, na galaksi yake ya mifumo ya nyota bilioni 400, kana kwamba kazi ya Braben ilianzia hapo. Mtengeneza gemu huyu Mwingereza amekuwa kwenye fani tangu mapema miaka ya 1980, na ndani ya safari yake nimekuta karibu kila kosa mnalolifanya, pamoja na dawa za mengi kati yake.

1. Anzeni na mashine iliyo mbele yenu, msianze na ile mnayoiota.

Braben na Ian Bell walikuwa wanafunzi wa Chuo cha Jesus, Cambridge, walipoandika Elite, gemu ya biashara na vita angani, kwa ajili ya BBC Micro, kompyuta ya nyumbani ya miaka hiyo: prosesa ya 6502 ya megahezi 2 na memori ya kilobaiti 32, ambayo skrini na mfumo wenyewe vilimega fungu lao kwanza. Picha moja ya menyu zenu inaijaza memori hiyo mara nyingi. Wao walitaka galaksi nzima humo ndani.

Hawakuhifadhi sayari hata moja. Walihifadhi mbegu, namba tatu za biti 16, yaani baiti sita, pamoja na kanuni ya kuzizungusha. Kila mzunguko unatoa jina la sayari, mahali ilipo, aina ya serikali na hali ya uchumi wake. Mbegu ikiwa ile ile, jibu ni lile lile kila siku, kwa hiyo sayari ya Lave unayoanzia wewe ukiwa na krediti 100 mfukoni ndiyo Lave anayoanzia kila mchezaji mwingine. Kanuni hiyo ingeweza kuzaa galaksi zisizohesabika. Acornsoft, waliokuja kuichapisha, wakawataka wapunguze, maana wingi wa namna hiyo ungemwonyesha mchezaji kwamba yote yametoka kwenye mashine. Zikabaki galaksi 8, kila moja na sayari 256. Inasimuliwa kwamba galaksi moja ilitupwa kwa sababu kanuni ilikuwa imeipa sayari mojawapo jina ambalo kwa Kiingereza ni tusi.

Hapo kwenye kutupa ndipo nataka mkae. Mnaniletea visiwa elfu vilivyozalishwa na kanuni, nikiuliza nani amevipitia, kimya. Wale vijana walipitia mbegu zao kwa macho yao na kuchagua zipi zinafaa kuchezwa.

Halafu kuna ile skrini, ambayo bado hunifurahisha kila ninapoieleza. BBC Micro ilikulazimisha kuchagua: mistari myembamba mizuri bila rangi, au rangi zaidi huku vitone vikinenepa. Wao walitaka mistari kwa ajili ya vyombo vya angani na rangi kwa ajili ya dashibodi ya chini. Wakatumia saa ya ndani ya mashine kupima miale ya skrini inapofika kwenye dashibodi, na papo hapo wakabadili modi, mara nyingi kila sekunde. Mchezaji anaona picha moja tulivu. Mtu hafiki huko mpaka aijue mashine yake hadi kwenye saa.

2. Mchapishaji akikataa, muulizeni amekataa nini hasa.

Wachapishaji Thorn EMI waliipitia Elite wakaikataa. Walitaka gemu ya dakika kumi hivi, yenye maisha matatu na alama za kushindania, kama zile za kwenye kumbi za michezo. Elite haikuwa na alama za namna hiyo. Ulifanya biashara, ukanunua bunduki bora, ukahifadhi safari yako ukaendelea kesho. Vijana wengine wangebandika maisha matatu wapate mkataba. Badala yake waliipeleka Acornsoft, waliokuwa wamekwisha kuchapisha gemu ya Bell iitwayo Freefall, na ikatoka Septemba 1984. Acornsoft nao waliwapunguzia galaksi, kama nilivyosema, na hilo walilikubali kwa sababu liliboresha gemu ile ile waliyoikusudia. Tofauti ya ushauri huo na ule wa Thorn EMI muwe mnaipima kila mkikaa na mchapishaji.

3. Someni mkataba wote.

Braben na Bell walibakiza mikononi mwao haki za kuitoa Elite kwenye mashine nyingine, wakala wao akazinadi, na Firebird, tawi la British Telecom, ndilo lililozichukua. Bila kifungu hicho fedha za Commodore 64 na Spectrum, kompyuta nyingine za wakati huo, zingeenda kwa wengine. Na kati yenu wenyewe pia andikeni mgawanyo mapema, kwa maana Braben na Bell waliokuwa marafiki wa chuo walikuja kugombana hadharani juu ya Elite hiyo hiyo.

4. Tarehe.

Hapa ndipo roho yangu inapouma, kwa hiyo mnivumilie.

Mwaka 1993 Braben alitoa Frontier: Elite II, ambayo sehemu kubwa aliiandika mwenyewe kwa asembli, lugha iliyo karibu kabisa na mashine. Sayari za ukubwa wa kweli, unashuka mpaka kutua, chombo kinakwenda kwa sheria za Newton, na vyote viliingia kwenye diski moja laini. Mwaka uliofuata akaanzisha kampuni yake, Frontier Developments, hapo hapo Cambridge. Alikuwa na jina, kampuni na wateja waliokuwa wakisubiri.

Aprili 1995 ikatoka First Encounters, Elite ya tatu, kupitia mchapishaji Gametek. Ilitoka haijaiva. Hitilafu zilikuwa nyingi mno, gemu ikakwama katikati ya kazi ambazo mchezaji alitakiwa kuzimaliza, viraka vya kuirekebisha vikaanza kufuatana. Kumbukeni huo ni mwaka 1995: kiraka hakishuki chenyewe usiku wewe umelala. Mteja aliyenunua boksi dukani alibaki na alichonunua mpaka atafute diski nyingine au apate laini ya simu ya kupakulia. Braben na Gametek wakaishia kwenye mgogoro wa kisheria uliomalizwa nje ya mahakama, na Gametek yenyewe ilikwishafilisika.

Mnaweza kusema kosa ni la mchapishaji, na kwa sehemu ni kweli. Lakini jina lililokuwa kwenye boksi ni la gemu yake. Elite iliyofuata ilitoka mwaka 2014, karibu miaka ishirini baadaye.

Safari hiyo hakutaka mchapishaji amshike mkono. Mwishoni mwa mwaka 2012 aliitisha harambee kupitia Kickstarter, tovuti ya michango, na ikafunga na zaidi ya pauni milioni 1.5. Hapo akakutana na upande wa pili wa tarehe, yaani ahadi. Wachangiaji walikuwa wameahidiwa kwamba wataweza kucheza peke yao bila intaneti. Novemba 2014, takriban mwezi mmoja kabla ya gemu kutoka, wakaambiwa hilo halitakuwepo, kwa sababu galaksi ile ilikuwa inategemea seva. Huenda kiufundi walikuwa sahihi. Ila mtu aliyetoa fedha yake miaka miwili nyuma kwa ajili ya kile kipengele mahsusi alikuwa na haki ya kukasirika, na wengi walidai kurudishiwa fedha. Nikiona kwenye tangazo lenu la michango mmeandika "itachezwa na watu mia kwa pamoja" na hamjaandika hata mstari mmoja wa msimbo wa mtandao, nawaza hiyo Novemba.

Kisha Odyssey. Mei 2021, nyongeza ambayo hatimaye ilimwezesha mchezaji kushuka chomboni na kutembea kwa miguu juu ya sayari. Wapenzi wa Elite walikuwa wameisubiri kwa miaka. Ilikuwa na awamu ya majaribio kabla ya kutoka, na wajaribuji walisema waziwazi kwamba fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zinaporomoka na mambo hayajatulia. Ilitoka tarehe 19 Mei hata hivyo. Mashine zenye nguvu zikahema, seva zikakatika, maoni kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, yakawa mabaya. Braben mwenyewe akajitokeza na kuomba radhi kwa maandishi, na namheshimu kwa hilo, maana si kila mwanzilishi hufanya hivyo. Matoleo ya konsoli yakasimamishwa ili PC ipone kwanza, na Machi 2022 wachezaji wa PlayStation na Xbox wakaambiwa maendeleo ya konsoli yamefutwa kabisa.

Kampuni yake ilikuwa kwenye AIM, soko la hisa la London la kampuni zinazokua, tangu mwaka 2013, na mwaka wake wa hesabu hufungwa tarehe 31 Mei. Sisemi hiyo ndiyo sababu. Nasema anayeahidi tarehe huwa na watu nyuma yake wanaoihesabu kwa njia yao, awe mchapishaji, mwenye hisa au mchangiaji, na hakuna hata mmoja wao anayeiona fremu ikiporomoka. Wewe ndiye unayeiona. Mtu aliyejua kuingiza galaksi nane katika kilobaiti 32 alipita kwenye shimo lile lile baada ya miaka 26, akiwa na mamia ya wafanyakazi. Ninyi ni wanne kwenye chumba cha kupanga, na mmeshachapisha bango!

5. Tunzeni watu.

Aliyeihamishia Elite II kwenye PC alikuwa Chris Sawyer. Miaka michache baadaye Sawyer akatengeneza RollerCoaster Tycoon, gemu ya kujenga na kuendesha bustani za michezo, na ilipofika wakati wa toleo la tatu, mwaka 2004, kazi ikapewa Frontier. Kutoka hapo kampuni ikajifunza bustani za michezo vizuri kiasi cha kutoa Planet Coaster yake yenyewe mwaka 2016.

6. Gemu isiyofika, iacheni. The Outsider, gemu nyingine ya Frontier, ilitangazwa mwaka 2005 na ikafutwa mwaka 2011, na kampuni ikaendelea kuishi kwa kazi nyingine, ikiwemo Kinectimals.

7. Mfundisheni anayekuja nyuma.

Braben ni miongoni mwa waanzilishi wa Raspberry Pi Foundation, taasisi ya kompyuta ndogo ya bei nafuu ya Raspberry Pi, iliyoundwa mwaka 2009 kwa sababu watoto wa Uingereza walikuwa wanatumia kompyuta bila kujua kuiandikia, tofauti na kizazi cha BBC Micro. Bodi ya kwanza iliuzwa Februari 2012 kwa dola 35. Baadhi yenu mliandika mstari wenu wa kwanza wa Python juu ya bodi hizo, kwa hiyo mna deni kwa mtoto wa jirani.

Ukaguzi ujao nataka hivi: bango lishushwe, tarehe ifutwe, na kila timu ije na dakika kumi zinazochezeka kwenye simu ya bei ya chini kabisa mtakayoipata mtaani. Simu za kwenu zenye memori kubwa mziache nyumbani. Ikiganda, tutakaa pamoja siku nzima tuitafute hitilafu, na chakula cha mchana ni juu yangu.