Dokta, ukimaliza kuchati niambie

Madogo mnaoanza intanishipu, hospitali nyingi za serikali mtakazopangiwa mtakuta GoTHoMIS, mfumo wa kompyuta wa kutunza taarifa za wagonjwa, au mwingine wa aina hiyo. Kulogini mtaelekezwa siku moja tu basi, ila namna ya kuongea na mgonjwa huku kompyuta iko katikati yenu hakuna atakayewafundisha, mimi nilijifunza kwa aibu.

Wiki zangu za kwanza OPD, kwa wagonjwa wa nje, alikuja bibi mmoja, ananieleza magoti yake, mi niko bize natafuta kodi ya ICD-10, yaani ile namba ya kila ugonjwa, maana bima usipoiweka madai yanarudishwa, naitikia mmh mmh tu. Akanyamaza. Nikamwambia endelea bibi, akajibu "ukimaliza kuchati niambie mjukuu wangu". Yani kwake kijana aliyeinamia kifaa anabonyeza bonyeza hana kazi nyingine zaidi ya hiyo! Tangu siku hiyo shikamoo kwanza, mikono mbali na kibodi, namwacha aongee mpaka anyamaze mwenyewe, halafu ndo namwambia sasa naandika ulichonieleza, magoti yanauma wiki 2, usiku zaidi, si ndiyo? Na hapo ndo utashangaa, atakurekebisha, "wiki 2 wapi, tangu mwezi wa mfungo". Hiyo historia isingeingia kokote.

Na ukikuta kompyuta imewekwa ukutani kiasi kwamba ukiandika unampa mgonjwa mgongo, mwite mtu wa TEHAMA avute waya mgeuze meza, kazi ya dakika 10.

Lakini lililoniuma zaidi ni la baba mmoja wa kisukari. Nikifungua faili lake naona metformin, dawa ya kushusha sukari, kachukua kila mwezi, hajaruka hata mmoja, nikawa naamini, namuuliza "unaendelea vizuri baba?" macho kwenye skrini, anasema vizuri, naongeza dozi, next. Akaja na kidonda mguuni, sukari imepanda mpaka 22. Ndo nikakaa naye vizuri nikamuuliza dawa unakunywaje nyumbani, akasema bila kuficha anagawana na mdogo wake ambaye hana bima. Miezi yote hiyo hakunidanganya, sikumuuliza. Mfumo unajua dawa iliyotoka famasi, kilichomezwa haukijui, na ukiuangalia sana unajiona unamfahamu mgonjwa kumbe unafahamu dirisha la dawa.

Halafu kuna suala la daftari, hili watu hawalisemi. Zamani mgonjwa anakuja na kidaftari chake cha kununua dukani, unaandika humo, anaondoka nacho, akifika kijijini binti yake anamsomea, akiugua ugenini anakionyesha. Sawa linalowa mvua, linapotea, mwandiko wetu nao tunaujua wenyewe, sililii. Ila lilikuwa mkononi mwake. Sasa hivi kila kitu kimebaki kwetu, anatoka mikono mitupu, ukimuuliza mwezi ujao ulikunywa dawa gani anakwambia "si mnaiona humo". Na akienda hospitali yenye mfumo mwingine hawaoni chochote. Kwa hiyo mi nachana kikaratasi, naandika kwa herufi kubwa ugonjwa, dawa, siku ya kurudi, na kabla hajainuka namwomba anirudishie kwa maneno yake atakunywaje. Foleni italalamika, acha ilalamike.

Siri pia jamani. Ukimgeuzia mgonjwa skrini hakikisha faili la aliyetangulia limefungwa, hasa kama ni wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, na msiazimane nywila hata kama mwenzako kasahau yake, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na kinachoonekana kimeandikwa na wewe utaulizwa wewe.

Mtandao ukikata, na utakata, usimwambie mtu "subiri mfumo" ukakaa unaangalia simu. Karatasi ipo, mpime, ongea naye, utajaza baadaye. Siku kama hizo mimi hata majina ya wajukuu zao nayajua.