Maswali ya Wasomaji: Naenda Groto, Lakini Moyo Hautulii

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mjane, ninauza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Tangu mume wangu alipofariki dunia, huwa ninapanda kwenda kusali kwenye groto, yaani pango la sala, ya Bikira Maria iliyo mlimani katikati ya mawe, mbali na makazi ya watu. Wenzangu hushuka wakisema wamepata amani, ila mimi mawazo hunisonga kuliko nikiwa sokoni. Shemeji yangu naye anadai kusali penye mawe ni tambiko. Ninakosea wapi?
Mama wa Mwaloni, Mwanza

JIBU: Milele amina, mama, na pole sana kwa msiba. Hukosei. Sokoni, makelele ya wapagazi na hesabu za magunia huifunika huzuni, nawe ukifika penye kimya ndipo inapoibuka. Kwa hiyo saa ya kwanza huwa nzito, na wengi huikwepa kwa kushika simu au kuiendesha rozari mbiombio. Kaa kwanza bila kusema neno. Kisha ifuate Njia ya Msalaba, sala ya kutafakari mateso ya Yesu kituo kwa kituo, polepole, wala usijilazimishe kumaliza vituo vyote 14: ukifika cha 13, Yesu anaposhushwa msalabani, ukashindwa kuendelea kwa machozi, hayo nayo ni sala.

Kuhusu shemeji, mweleze kwamba hakuna anayeliomba jiwe. Groto zetu nyingi hufuata mfano wa pango la Massabielle huko Lourdes, Ufaransa, ambako tarehe 11 Februari 1858 Bernadette Soubirous, binti wa miaka 14 aliyekwenda kuokota kuni, alisimulia kumwona Bibi aliyevaa mavazi meupe. Kanisa halikukurupuka, bali lilichunguza hadi mwaka 1862, ndipo askofu wa Tarbes alipokubali kwamba Bikira Maria alimtokea kweli Bernadette. Hata hivyo hofu ya shemeji si ya bure kabisa, maana wapo wanaochota mchanga wa groto wakaunyunyize dukani ili wateja waongezeke, na hapo mimi niko upande wake.

Nenda asubuhi ya siku ya kazi, si siku ya hija yenye vipaza sauti. Kwa kuwa njia ya mlimani haina watu, ongozana na mwanajumuiya mwenzako, mkikubaliana kutozungumza mpaka mtakapoanza kushuka.